Matanga ya Ghorofa la Kona

Wanaosema nchi yetu haina utaratibu ni waongo, tena wachonganishi. Kwetu hata ukuta hauanguki hivihivi. Kwanza hupokelewa, kisha hujadiliwa, huundiwa kamati, huombewa dua, ndipo huanguka. Na ukishaanguka hubainika kwamba mwenye kosa ni yule aliyekuwa chini yake. Mimi ni kinyozi, sina elimu ya kubishana na ukuta. Ninayoyajua nimeyasikia yakitoka kwenye vichwa vya watu nikiwa nimevishika, nami nitawapa kama nilivyopewa, bila kuongeza chumvi, maana chumvi yenyewe siku hizi imepanda bei.

Mtaa wetu unaitwa Bomba Mbili, kwa heshima ya mabomba mawili tuliyoahidiwa. Kwenye kona ya mtaa kulikuwa na ghorofa. Lilijengwa zamani na mtu ambaye hakuna anayeikumbuka sura yake, likapangishwa, likachoka, wapangaji wakahama na popo wakahamia. Mkuyu ukaota kwenye roshani ya juu, ukateremsha mizizi mpaka dirisha la chini. Mbuzi wa mtaa wakajifunza kupanda ngazi. Milango ikaondoka, madirisha yakafuata, nondo za roshani nazo zikaaga usiku mmoja, kila kitu kwa miguu yake. Kitu kimoja tu kilitunzwa pale: maandishi ya ukutani. NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Rangi ikianza kufifia tu, asubuhi tunayakuta yamepakwa upya, mekundu kama pilipili. Nani kayapaka, hatujui. Kwa hiyo kuhusu mwenye nyumba tulijua mambo mawili: yupo, na hatanii.

Ukuta wa ubavuni ulikuwa umeinama. Haukuinama ovyo, uliinamia nyumba ya Bi Kidawa, kama kizee kiziwi anayetaka kusikia mnamsengenya nini.

Bi Kidawa ndiye mpika vitumbua wetu. Nyumba yake vyumba viwili na kibaraza, kaijenga kwa vitumbua hivyohivyo, tofali kwa tofali. Katika chumba cha upande wa ukuta alilala mumewe, Mzee Ngwali, ambaye kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa upande mmoja kikamwachia ulimi, na nguvu za mguu na mkono zote zikahamia humo. Kibarazani alilala mdogo wake Mzee Ngwali, Shamte, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno mengi na kikohozi kimoja. Kikohozi alikipata kwa vumbi la ukuta ule. Mchana plasta ilidondoka kwenye ndoo ya unga, usiku ikadondoka kifuani mwa Shamte. Sisi wateja tulizoea. Vitumbua vya Bi Kidawa tulivitafuna taratibu, kwa adabu, kama anayekula samaki mwenye miba.

"Shemeji, ghorofa hili litatuzika," Shamte alikuwa akisema kila asubuhi, akikohoa.

"Likuzike wewe kwanza, nipumue," Bi Kidawa anamjibu huku anageuza kitumbua.

"Uacheni ukuta," Mzee Ngwali anadakia kutoka ndani. "Angalau wenyewe unaniinamia. Mwenyekiti wa mtaa hajawahi hata kuchungulia."

*

Mwenyekiti wa mtaa anaitwa Chambuso. Ni mtu mwema, hajawahi kukataa jambo. Tulimwendea, tukamweleza, akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu wananchi, jambo lenu limepokelewa."

Tukashukuru, tukaondoka. Baada ya mvua za vuli tukarudi kuuliza limefikia wapi.

"Nimeshawaambia limepokelewa," akasema, akionekana kuumia. "Sasa mnataka mlinyang'anye?"

Ikabidi twende Wizarani. Tunayo Wizara ya Makazi Bora na Subira, jengo zuri la vioo, na ndani kuna baridi ya kumfanya mtu akumbuke dhambi zake. Tulikwenda kundi zima: Bi Kidawa mbele na kanga yake ya kutokea, Shamte, mimi, wauza nyanya, na watu ambao hata hawakujua tunakwenda wapi ila waliona tumejaa wakajiunga. Afisa alitupokea kwa tabasamu.

"Sheria yetu ni kali kuliko zote ukanda huu," alisema. "Mwenye kutelekeza jengo anachukuliwa hatua palepale, hata chai hamalizi. Mleteni."

"Hatumjui," Bi Kidawa akasema.

"Aa. Basi bado hakuna kosa. Kosa, mama, lazima liwe na mwenyewe."

"Na ukuta je?"

"Ukuta una hatia gani? Wenyewe ndio uliotelekezwa." Akatutazama mmoja mmoja kwa huruma. "Mnataka serikali imwonee aliyeonewa?"

Tulitoka pale tumeona haya. Njiani Shamte alisema hajawahi kushindwa kesi na tofali. Jioni hiyo watu wakachanga magogo ya mkaratusi, Shamte akaleta vyuma vyake chakavu, tukauegemezea ukuta nguzo. Ukatulia. Bi Kidawa aligawa vitumbua bure, na kwa muda vilikuwa na mchanga kidogo kuliko kawaida. Wengine walilalamika kwamba havina ladha ileile.

Lakini nguzo si dawa, ni mkongojo. Kila mvua ikinyesha tulisikia vyuma vya Shamte vikilia.

*

Wazo lilizaliwa kibandani kwangu. Nilikuwa nimemnyoa Shamte nusu kichwa alipoinuka ghafla.

"Jamani, nimejua tulipokosea! Kwetu sisi mtu akiwa hai hana ndugu. Anaumwa peke yake, analala na njaa peke yake. Akifa tu, ndugu wanatoka hata chini ya jamvi, mwingine anakuja na sufuria yake. Ghorofa hili halina mwenyewe kwa sababu tumeliacha linaishi. Tuliue!"

"Tulibomoe?" mtu akauliza.

"Nani kasema kubomoa? Tutangaze msiba. Tuweke matanga."

Watu walicheka mpaka wapita njia wakaingia kuuliza kuna nini. Kisha tukaacha kucheka, maana tulianza kuona. Wageni mnaosoma haya nanyi lazima mjue desturi ya Bomba Mbili. Kwetu msiba una turubai, una pilau, na una mkeka wa mfiwa. Mkeka huo hutandikwa peke yake mbele ya watu wote, na haketi juu yake ila mwenye msiba. Kila ajaye huenda kwanza pale kutoa mkono wa pole. Basi tukasema: tutandike mkeka, tusubiri. Atakayeukalia ndiye mwenye ghorofa. Akishakaa mbele ya mtaa mzima, Bi Kidawa atainuka na kumuuliza habari ya ukuta.

Imamu tulimfuata kwa heshima zote.

"Kulisalia jengo siwezi," alisema. Akafikiri. "Lakini pilau halijawahi kuwa haramu."

*

Sijapata kuona matanga yaliyofana vile. Turubai lilifunga mtaa. Wanawake walikaa kwa kanga zao, wakalia kilio cha kweli, maana kila mmoja alikuwa na lake la kulilia na alikosa nafasi. Mzee Ngwali tulimtoa na kitanda chake tukamweka kibarazani aone. Spika zilipiga kaswida hadi sokoni. Mkeka wa mfiwa ukatandikwa mtupu, mpya, na watu wote wakiukodolea macho.

Mwenyekiti Chambuso, ambaye hakuwahi kuja kuuona ukuta, alikuja kuuzika na hotuba mfukoni. Na kabla pilau halijapakuliwa tukasikia ving'ora. Alikuwa Waziri mwenyewe wa Makazi Bora na Subira, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Tandawala. Hatukumwalika. Nchini kwetu waziri haalikwi msibani. Huona turubai tangu barabara kuu, na gari hukata kona lenyewe.

Akapewa kipaza sauti. Hakuuliza aliyekufa ni nani; mtu mwenye adabu haulizi.

"Ndugu wafiwa," alianza. "Marehemu nilimfahamu. Alikuwa mtu wa kusimama." Mwenyekiti akamnong'oneza. Mheshimiwa hakutetereka. "Naam! Alikuwa jengo la kusimama! Wangapi wetu tunaweza kusimama miaka yote hiyo bila kufanyiwa ukarabati? Marehemu hakulalamika. Hakuomba rangi. Hakuomba saruji. Ninyi wananchi mnaoomba maji kila siku, jifunzeni kwa marehemu! Serikali yenu sikivu itaendelea kusimama bega kwa bega na kuta zote, zilizonyooka na zilizoinama, bila ubaguzi!"

Makofi. Mzee Ngwali akasema kwa sauti kutoka kitandani, "Huyu angeoa ukuta wangekaa vizuri."

Kisha Shamte akachukua kipaza sauti, kakunja uso kama mtu wa msiba hasa, akakohoa.

"Kama ilivyo desturi, natangaza ya marehemu. Marehemu hakuacha mke wala mtoto. Ameacha kiwanja. Kiwanja cha kona, mkabala na soko jipya linalokuja kujengwa, maji karibu, umeme karibu. Asipotokea mfiwa kuukalia mkeka huu kabla ya kuanua tanga, kiwanja kitakuwa mali ya mtaa mzima wa Bomba Mbili, nasi tumekubaliana tutajenga zahanati."

Mbuzi alilia kutoka ghorofani.

"Uuuwi!" Sauti ilitoka meza kuu. "Uuuwi, mama yangu weee! Nyumba yangu weee!"

Mheshimiwa Daktari Mhandisi alikuwa amevua miwani. Alishuka jukwaani mikono kichwani, walinzi wakimkimbilia, akapita katikati ya wanawake, akajitupa juu ya mkeka na suti yake ya kijivu, akabiringika.

Lo! Bomba Mbili haijapata siku kama ile. Shamte alirusha kofia. Tumemnasa! Mwenye ghorofa ni yuleyule mwenye Wizara, na sheria ile isiyomwacha mtu amalize chai ni yake mwenyewe! Wauza nyanya walipeana mikono. "Inuka, Bi Kidawa! Inuka umuulize!"

Bi Kidawa akainuka. Akajifunga kibwebwe. Njia ikafunguka mbele yake, akaenda mpaka mkekani, akasimama mbele ya yule mtu aliyekuwa analia kwa kwikwi na kamasi. Alikuwa na swali lake moja, amelibeba miaka, amelilalia na kuliamkia. Akafungua kinywa.

Jamani. Sisi ni watu tuliolelewa. Mtu akiwa juu ya mkeka ule hasemeshwi, haulizwi, hadaiwi, hata kama jana alikuchomea nyumba. Hilo tunalinyonya kwa mama zetu. Bi Kidawa alifungua kinywa kusema "ukuta", nasi tukasikia kwa masikio yetu:

"Pole, baba. Mungu akupe subira."

Akatoa mkono. Na nyuma yake, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza, tukajipanga mstari. Wote. Mimi nikasema pole. Wauza nyanya wakasema pole. Shamte alijaribu kujishika mpaka jasho likamtoka, na ilipofika zamu yake akasema, "Ndiyo dunia, Mheshimiwa. Pole sana."

Mheshimiwa aliondoka na bahasha ya rambirambi tuliyochanga wenyewe, na sahani ya pilau imefunikwa vizuri.

*

Keshoye tulirudi Wizarani, tukiwa na nguvu mpya. Mwenyewe si amepatikana?

"Hongereni," alisema afisa. "Kazi nzuri sana ya kizalendo. Sasa kosa lina mwenyewe."

"Basi mchukulieni hatua," Bi Kidawa akasema.

Afisa akashtuka. "Mama! Mfiwa?"

"Hatua ile ya palepale..."

"Mheshimiwa ameingia eda."

"Eda? Mwanamume?"

"Hii ni eda ya kiserikali."

"Inakwisha lini?"

"Eda yenu ninyi ina hesabu. Eda ya kiserikali huisha mwenyewe atakapojisikia."

Tuliporudi mtaani tukawakuta askari wa jiji wanang'oa nguzo zetu. Mwenyekiti Chambuso alikuwa amesimama pembeni, amefunga kifungo cha koti.

"Mnafanya nini?" Shamte akapiga kelele. "Hizo ndizo zinazoushikilia!"

"Ndugu Shamte," Mwenyekiti akasema kwa upole, "ninyi wenyewe mmetangaza kwamba ni marehemu. Pilau tumekula. Mwili wa marehemu unachomekwa miti? Hata mila zetu hazikubali!"

"Wewe Chambuso, kaka yangu amelala chini ya ukuta huo."

"Hilo nalo nimelipokea."

Wakazipakia kwenye lori, magogo na vyuma vya Shamte pamoja, kuwa ushahidi wa kudhalilisha maiti. Wiki hiyohiyo akaja mpimaji mwenye kofia ngumu. Akautazama ukuta, akafumba jicho moja, akaivuta kamba yake kutoka ghorofani mpaka ndani ya chumba cha Mzee Ngwali, akaipitisha juu ya tumbo lake bila hodi, akatoka. Kisha akachovya brashi na kupaka alama nyekundu ya X. Sisi tulipiga makofi, tukidhani brashi ile inaelekea ghorofani. X ilikuwa kwenye mlango wa Bi Kidawa.

"Mama, umejenga ndani ya hifadhi."

"Hifadhi gani? Barabara iko kule!"

"Hifadhi ya kuanguka. Kila jengo lina haki ya mahali pa kuangukia. Wewe umepaziba."

"Nilijenga likiwa limenyooka!"

"Ulitakiwa kuuliza litainamia wapi." Akafunika kopo la rangi. "Marehemu huzikwa aangukiapo. Hapa ni kaburi, mama. Unakaa kaburini na mgonjwa, si vizuri kwa afya."

"Nimpeleke wapi huyu mgonjwa?"

Mpimaji alifikiri kwa dhati, nadhani alikuwa kijana mzuri. "Hilo haliko upande wangu," akasema.

Kilichobaki kilikuwa kuufuta ule msiba. Tulikwenda kwa Mwenyekiti kundi zima, tukamwambia tumekosea, ghorofa halijafa, tunaomba tangazo letu tulirudishe. Alitusikiliza hadi mwisho.

"Kuua mliweza wenyewe, sikuwazuia," akasema. "Lakini kufufua si kazi ya serikali za mitaa."

*

Majirani walijitolea kumchukua Mzee Ngwali. Mimi nilisema kibanda changu kina nafasi, akalale kwenye kiti cha kunyolea, kinakunjuka. Alikataa katakata.

"Mkinitoa," alisema, "watasema chumba kilikuwa kitupu, hifadhi ilikuwa wazi. Mimi ndiye pingamizi pekee lililobaki. Na sijavunjika bado."

"Umevunjika upande mmoja, mume wangu," Bi Kidawa akamwambia.

"Upande uliobaki ndio ulio kwenye kesi."

Wakakubaliana mchana atolewe kibarazani na usiku alale chumba cha pili, cha upande wa mbali. Kwa hiyo kila asubuhi Shamte alimbeba kaka yake mgongoni, mmoja anakohoa, mwingine anatukana serikali, wakapita mbele ya wateja wa vitumbua kama gwaride. Watu walipiga saluti. Mzee Ngwali aliirudisha kwa mkono mzima. Ilikuwa starehe yetu ya asubuhi, na nadhani ilikuwa yake pia.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Alasiri ikaja mvua ya ghafla, ile ya upepo, inayopiga kibaraza ubavuni. Bi Kidawa alikuwa amekwenda sokoni kununua mchele. Chumba cha mbali kilikuwa kinavuja, godoro limeshalowa. Shamte akaona kaka yake anatetemeka, akambeba mbio, akamwingiza kwenye chumba chake cha zamani, kikavu, asilowe. Akatoka kuchukua ndoo.

Ukuta haukufanya haraka. Nilikuwa mlangoni kwangu na wembe mkononi, nikayaona yale maandishi yanainama, NYUMBA HII HAIUZWI, yakilala neno kwa neno. Mlio wake haukuwa mkubwa. Vumbi likasimama ndani ya mvua, jambo ambalo sikujua linawezekana.

Tulichimba kwa mikono, kwa majembe, kwa masufuria ya vitumbua. Mtaa mzima. Shamte hakusema neno hata moja, na hiyo ndiyo iliyotutisha. Tulimtoa Mzee Ngwali wakati adhana ya magharibi inaanza. Mkono wake mzima ulikuwa umeinuliwa usoni, kama anayepiga saluti.

*

Taarifa ya Wizara ilitoka mapema kuliko jeneza. Ilisema marehemu, yaani ghorofa, amezikwa kwa amani katika hifadhi yake, na kwamba hakuna mali ya umma iliyodhurika. Ilimalizia kwa kuwapongeza wakazi wa Bomba Mbili kwa kuandaa matanga mapema, jambo linaloonyesha ukomavu.

Tulikwenda kwa Mwenyekiti kuomba ruhusa ya kufunga mtaa kwa turubai.

"Matanga ya tukio hili yalishafanyika," alisema. Safari hii hakufunga kifungo. Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Hayarudiwi, ndugu zangu. Mimi ningefanyaje?"

Tukamzika Mzee Ngwali bila turubai. Imamu alisali na hakuonja pilau. Wanawake waliunganisha kanga zao kwa pini, wakazitundika kwenye miti ya kuanikia nguo juu ya kifusi, na hapo ndipo Bi Kidawa alipoingia eda. Mjane hukaa ndani. Ndani hakukuwapo tena. Akautwaa ule mkeka wa mfiwa, akautandika pale palipokuwa ndani, chini ya kanga, juu ya vipande vya nyumba yake, akakaa.

Mafundi wa uzio walikuja na mabati mapya. Walizungusha kiwanja cha kona chote, na mstari wa mpimaji ukawaelekeza waingize na uwanja wa Bi Kidawa, maana hifadhi ni mali ya marehemu ghorofa, na ghorofa lina mrithi. Walipiga misumari mpaka wakafika mkekani. Wakasimama. Msimamizi wao, mtu wa mabega mapana, alifungua kinywa amwambie aondoke.

"Pole, mama," akasema, akavua kofia.

Askari wa jiji waliletwa. Pole, mama. Afisa wa Wizara akaja na baridi yake. Pole, mama. Mwishowe Mheshimiwa Daktari Mhandisi Tandawala mwenyewe alitoka kwenye eda ya kiserikali, akaja na ving'ora, akasimama mbele ya mkeka alioubiringikia. Bi Kidawa hakunyanyua macho. Tuliona kidevu cha Mheshimiwa kikitafuta neno jingine, kikitafuta, kikikosa. Naye pia alikuwa na mama, kumbe.

"Pole, mama," akasema. Kisha akamgeukia msaidizi wake. "Eda yao hawa ni muda gani?"

"Miezi minne na siku kumi, Mheshimiwa."

"Basi ni kusubiri tu. Sisi ndio Wizara ya Subira." Akapanda gari.

Uzio ukapinda pale, ukamzunguka Bi Kidawa kama mto unavyozunguka jiwe, na mabati yakaandikwa kwa rangi nyekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. OGOPA MATAPELI. Wanawake wa mtaa wanapokezana kumpikia. Vitumbua tunavikaanga sisi wenyewe mbele ya kibanda changu, havina mchanga hata chembe, nasi bado tunavitafuna taratibu.

Sasa eda inakaribia kwisha. Mwezi uliokuwa mwembamba umeshanenepa. Mafundi wameacha lori lao kona, misumari imo ndani. Mtaani tunatazamana kwa namna ambayo si nzuri. Anayepiga chafya anaulizwa hali kwa shauku. Mtu hasemi, lakini kila mtu anajua: Bi Kidawa akiinuka mkekani, amekwisha, na ili asiinuke, sharti afiwe tena, na wa damu au wa karibu aliyebaki ni mmoja tu.

Shamte analala kwenye kifusi, hatua chache kutoka mkekani, akiulinda. Halali hasa, anakohoa. Kikohozi kimeshuka, kimepata sauti nzito, ya chini, kama gogo linaloburutwa. Juzi asubuhi Bi Kidawa alimmiminia kikombe cha chai ya tangawizi yenye asali, akamnyooshea kutoka kwenye kanga.

"Kunywa, we mpumbavu. Upone."

Shamte alikitazama kikombe, akakisukuma taratibu kwa kidole.

"Acha tu, shemeji," akasema. "Kinaendelea vizuri."